Wawili kwa Hesabu Moja

Mume wangu Blaise alimzaba mdogo wangu Aloys kofi pale uwanja wa kutua, mbele ya watu waliokuwa wakikunja parachuti zao, na mdogo wangu akamjibu kwa kichwa. Kichwa kilimpata puani. Damu ikachuruzika mpaka kwenye ile suti ya njano niliyomfulia jana yake, na kabla sijafika walikuwa wameshaangushana, wanagaragazana juu ya nailoni za watu. Niliwatenganisha kwa kasia la boti. Sikuwatishia nalo, niliwapiga. Blaise nilimpata begani, Aloys matakoni, kisha nikawatukana matusi ambayo mchungaji wetu wa pale mjini Villeneuve angeyasikia angefunga kanisa.

Chanzo kilikuwa hesabu. Blaise na Aloys walikuwa wanaruka sarakasi za parachuti, zile za wawili. Wanaruka kutoka Sonchaux, kule mlimani juu ya mji, wanakuja mpaka katikati ya ziwa, na hapo wanaanza kuzizungusha parachuti zao bega kwa bega, karibu kiasi kwamba mmoja akinyoosha mguu anamgusa mwenzake. Ukiwa unazunguka namna ile huwezi kumtazama mtu. Mbingu iko chini, ziwa liko juu, kisha vinabadilishana kabla hujameza mate. Kwa hiyo mmoja anahesabu redioni, tatu, mbili, moja, na ikifika moja wote wanavuta breki pamoja. Mhesabuji alikuwa Blaise. Yeye ndiye aliyemfundisha Aloys kazi hiyo, na alimzidi umri kwa miaka kumi na minne.

Sasa mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu, na kila mtu aliliona hilo isipokuwa mwalimu. Aloys akaanza kuingia kabla ya moja. Kidogo tu, kama mtu anayemkatiza mwenzake maneno. Lakini kule juu kidogo hicho kinatosha kukuleta usoni kwa mwenzako, na siku ya ugomvi ule kiatu cha Aloys kilipita karibu na kofia ya Blaise mpaka Blaise akahisi upepo wake.

"Umetangulia tena," Blaise alimwambia walipotua. "Nikisema moja ndiyo unaingia. Utatuua, dogo."

"Wewe ndiye unachelewa, shemeji," Aloys akasema, huku anavua glavu taratibu makusudi. "Mpaka ufike moja, mimi ndevu zimeshaota mvi."

Watu wakacheka. Ndipo kofi likatoka.

Baada ya hapo wakanuniana. Wiki tatu, ndani ya nyumba moja, meza moja. Aloys ananiambia, dada, mwambie mumeo asogeze chumvi. Mume mwenyewe amekaa hapo hapo, kiwiko chake kinagusa chumvi. Blaise naye ananiambia, mwambie mdogo wako aache kumaliza maji ya moto. Nikawaambia mimi si redio. Siku moja nilimwaga sufuria zima la viazi na liki kwenye sinki mbele yao, pamoja na soseji yake, nikawaambia kaleni kwenye mgahawa huko, mkaagize kwa ishara. Wakaenda kweli, kila mtu mgahawa wake.

Na bado waliendelea kuruka pamoja. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Wanapanda mlima gari moja bila neno, wanakagua kamba bila neno, wanaruka, na maneno pekee yanayopita kati yao ni tatu, mbili, moja. Fainali ya mashindano ya ziwani ilikuwa mwishoni mwa Septemba na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kujitoa.

Mimi kazi yangu ni boti ya uokoaji. Mzee Gaspard, aliyekuwa nahodha wa meli za abiria kabla ya kustaafu, anashika usukani, mimi nashika watu. Pia nakunja parachuti za akiba, ile ndogo anayoketi nayo kila mrukaji ubavuni mwa kiti chake, kile cha mikanda anachokivaa mwilini, ya kurusha kwa mkono mambo yakiharibika. Za Blaise na Aloys nilizikunja mwenyewe, juu ya zulia la sebuleni, na ole wake anayekanyaga. Kwetu ukirusha akiba ikakuokoa, unamletea aliyeikunja chupa ya divai nyeupe. Kabatini mwangu divai haijawahi kukauka.

Jambo moja wanasarakasi wa wawili huapishwa tangu siku ya kwanza. Mkigongana mkanasana, anarusha mmoja tu. Akiba mbili zikitoka pamoja mahali pamoja zinakumbatiana, zinajisokota, na hakuna inayobeba mtu. Mwingine anashika mpini wa yake, anasubiri, anaangalia ya mwenzake imeshika au haikushika. Kati ya wale wawili wangu, Aloys ndiye wa kurusha, Blaise ndiye wa kusubiri. Walikuwa wamelizoeza hilo chini, wamening'inia kwenye boriti za ghala letu, mpaka nikachoka kuwasikia.

Niseme wazi ili ieleweke moyo wangu ulikuwa wapi. Baba sikumjua vizuri, mama alikufa Aloys akiwa na miaka tisa, nikamlea mimi. Blaise nilimpenda mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha, na nikamfokea kila siku ya ndoa yetu. Ukiniuliza nina nini duniani, nina hao wawili. Nilichotaka siku ile ya fainali ni kitu kimoja, warudi wote wawili nchi kavu. Medali waichukue Wafaransa, waichukue Wahispania, aichukue shetani.

Asubuhi ile niliamka na hasira tayari. Kulikuwa na vaudaire, ule upepo wetu wa kusini unaoshuka bondeni na kulivuruga ziwa mpaka Montreux. Haukuwa mkali wa kufunga mashindano, ila ulikuwa unakuja kwa vishindo. Aloys alikuwa ameshatangulia mlimani na gari la waandaaji. Blaise alikuwa anakunywa kahawa amesimama.

"Mnakwenda kupinduka bega kwa bega na hata salamu hampeani," nikamwambia. "Mna akili kweli?"

"Tunahesabiana. Inatosha."

"Haitoshi."

Akaweka kikombe. Akaniambia kitu ambacho sikukitarajia kwa mtu mwenye kichwa kigumu kama chake. Alisema ameangalia video zao zote za majira yale, na Aloys ana haki. Yeye Blaise kweli anachelewa. Mikono yake si ya zamani. "Leo nitaingia naye mapema," akasema. "Anapoingia yeye, kabla ya moja, na mimi naingia hapo hapo. Acha dogo apate anachotaka."

Nikamwambia basi mwambie. Mpigie simu sasa hivi, au umwambie kule juu kabla hamjavaa viti. Akatabasamu, akanibusu shavuni mara tatu kama kwetu tunavyomsalimu mgeni, akasema ataona mwenyewe angani. Alitaka iwe zawadi. Nikamwita mpumbavu mpaka mlangoni, nikiamini kwamba wakifika kule juu mmoja wao atafungua mdomo. Nani angekaa kimya na jambo kama hilo?

Wote wawili wangekaa kimya, ndiyo jibu. Kwa sababu Aloys naye, haya alinieleza baadaye, alikuwa na lake. Usiku wa kuamkia fainali alikuwa ameamua kuomba radhi bila kuomba. Angeisubiri moja. Angeisikia mpaka herufi ya mwisho ndipo avute, kama alivyofundishwa akiwa kijana, ili shemeji yake ajue. Wakakutana pale mlimani wakafungiana vifungo vya viti, kila mtu na zawadi yake mfukoni, na hawakusema kitu.

Waliporuka nilikuwa ziwani na Gaspard. Redio ya boti inasikia wanayosema lakini wakati wa mashindano hairuhusiwi kuwajibu. Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Walifanya mchezo tunaouita helikopta ya kutazamana, parachuti mbili zimekaa bapa zinazunguka, ncha zinapishana kwa nafasi ya kiganja, na watu ufukweni wakapiga kelele. Hapo kila mmoja huingia kwa jicho, hakuna hesabu. Nikaanza kupumua.

Kisha ikaja zamu ya kupinduka mfululizo. Mtu anaipigisha parachuti bembea kubwa, kubwa zaidi, mpaka mwili wake unapita juu ya parachuti yenyewe, unashuka, unapita tena. Kila anapofika chini uzito wake unaongezeka mara sita. Damu inakimbilia miguuni, macho yanafunga giza pembeni, kamba zinapiga mluzi. Ukipoteza kasi ukiwa juu unadondokea ndani ya kitambaa chako, kinakufunga kama nyama kwenye karatasi ya bucha. Mrukaji mzuri akianza hathubutu kulegeza mkono, hata ikimuuma namna gani. Mwili wote unamwambia achia na yeye anakaza.

Sauti ya Blaise ikaja redioni. Tatu. Mbili.

Nikaona parachuti ya njano imeingia. Ya bluu, ya Aloys, haijaingia. Kisha nikasikia moja, na ya bluu nayo ikaingia.

Nilijua papo hapo. Nilipiga ubao wa boti kwa ngumi mpaka ngozi ikachanika. Mmoja yuko juu mwenzake yuko chini, na hakuna anayeweza kulegeza. Mzunguko wa kwanza walikoseana. Wa pili kishindo cha vaudaire kikawasukuma, na Aloys akaingia mwili mzima ndani ya kamba za Blaise. Mlio wake ulitufikia baadaye kidogo, mlio wa shuka linalochanwa. Parachuti ya njano ikajikunja katikati. Ya bluu ikapigwa, ikajifunga kwenye ya njano, na wale watu wawili wakawa wanazungushwa na furushi moja la nguo, wanapigana mateke bila kutaka, goti la huyu kwenye mbavu za yule, kofia kwa kofia. Niliona mkono wa Aloys umening'inia vibaya. Alikuwa ameteguka bega, na bado alikuwa anautafuta mpini kwa mkono mwingine.

Redio ikalia. "Aloys," Blaise akasema. Wiki tatu hakuwa amelitaja jina hilo. Alihema. "Tatu. Mbili. Moja. Tupa."

Wakatupa wote wawili.

Nimeiona ile video ya majaji mara nyingi kuliko ilivyo afya. Aloys anarusha, kama alivyoambiwa. Na mkono wa Blaise, ambao ulitakiwa usubiri, ambao Blaise mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine kuusubirisha, unatoka wakati huo huo. Miaka sita alikuwa akisema moja na kuvuta. Mkono haukujua njia nyingine. Mtu ambaye hajawahi kuruka wawili angekumbuka kusubiri, maana hana mazoea ya kumdanganya. Akiba zangu zikafunguka zote mbili, vizuri kabisa, bila kasoro, na hiyo ndiyo ikawa balaa yenyewe. Zikakutana, zikasokotana, zikabaki utambi mweupe unaopepea juu yao.

"Washa," nikamwambia Gaspard, na alikuwa ameshawasha.

Walilipiga ziwa mbele yetu. Maji yakija kwa kasi ile si maji tena. Walikuwa wameangukia upande wa kusini, karibu na pale mto Rhône unapoingia ziwani. Anayefanya kazi kwenye ziwa letu anapajua pale. Maji ya mto ni baridi na yana tope, ni mazito, yakifika ziwani hayaelei, yanapiga mbizi moja kwa moja mpaka kwenye kina. Ukisimama na boti unauona mstari wake, kijivu upande huu, bluu upande ule.

Gaspard akazima injini tukiwa bado mbali nao, na alikuwa sahihi, maana kamba zilikuwa zimetapakaa juu ya maji na moja ingeingia kwenye panga la injini tusingemsaidia yeyote. Nikapiga kasia. Nililia kwa hasira huku napiga kasia. Walikuwa wametengana, hatua chache kati ya mmoja na mwingine, wameunganishwa na uchafu ule wote wa kamba. Aloys alikuwa amelala kifudifudi. Viti vyetu vina sponji nene mgongoni ya kukulinda ukianguka ardhini, lakini majini sponji hiyo hiyo inakugeuza uso chini na kukushikilia hapo, hata ukiwa na jaketi la kuelea. Blaise alikuwa wima, kichwa nje, anatutazama.

"Blaise!" nikamwita. "Uko sawa?"

"Mimi mzima," akajibu. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ananijibu kutoka bafuni. "Mgeuze Aloys. Nenda, Maude, mimi mzima."

Akanyanyua hata mkono nimwone.

Nikaenda kwa Aloys. Nilimgeuza nikiwa nimeingia nusu mwili majini, Gaspard amenishika mkanda. Uso ulikuwa wa zambarau. Nilikata mikanda ya kiti kwa kisu, nikamvuta kwa nywele na kwa kola, bega lake lile likalia kama tawi, na tukamwangusha ndani ya boti. Gaspard akamlaza ubavu. Nikampiga mgongoni, nikampiga tena, nikamwambia nitakuua mwenyewe usipopumua, na akatapika maji miguuni mwangu, akavuta pumzi, akaanza kulia kwa sauti ya mtoto.

Nilipogeuka kwa Blaise hapakuwa na mtu.

Palikuwa na kitambaa cha njano chini ya maji, kinashuka, kimejaa kama wavu. Parachuti yake ilikuwa upande wa kijivu. Maji ya mto yalikuwa yameikamata tangu alipokuwa anazungumza nami, yanaivuta chini, na kamba zilikuwa zimemzonga mguu mpaka pajani. Aliyajua yale maji kuliko mimi. Alikuwa anayahisi yakimvuta wakati anainua mkono.

Niliruka na kisu. Sikumbuki baridi. Nakumbuka kwamba nilishika kamba badala ya mtu, nikakata, nikashika nyingine, nikakata, zilikuwa haziishi, kisha nikashika kiatu. Nilikata kila kilichokuwa karibu na kiatu kile, nikajikata na mimi mwenyewe kiganja, na jaketi lake likampandisha hatimaye, nami nimemng'ang'ania kiunoni. Gaspard, mzee wa watu, sijui alipata wapi nguvu. Alituvuta wote wawili.

Nikaanza kumkandamiza kifua. Nilikuwa nimekaa juu yake na kumkandamiza kwa mikono yote miwili, na mbavu zikavunjika chini ya viganja vyangu, nikazisikia moja moja, sikuacha. Nilimwita mwongo. Mwongo, mshenzi, mzima gani wewe, mzima gani, niambie. Nilimzaba makofi. Damu ya kiganja changu ilimjaa usoni mpaka waliokuja na boti ya polisi wakadhani kapasuka kichwa. Waliponitoa juu yake nilimpiga mmoja wao teke la tumbo, na kijana wa watu hakunilaumu. Wao wakaendelea. Ikaja helikopta, nao wakaendelea. Kisha daktari wa helikopta akatazama saa yake, na nikawa mjane.

Aloys walimpeleka hospitali kwa helikopta hiyo hiyo. Nyonga imevunjika, bega limetoka, pafu moja lina maji. Walimlaza usingizi wa dawa, wakanishona kiganja, wakanipa kiti karibu naye. Muuguzi aliniambia nisimwambie kitu akiamka, nimwache apate nguvu kwanza. Nikamjibu kwamba sijawahi kumdanganya mtoto huyu tangu ana miaka tisa, sitaanza leo, na yeye kama ana kazi wodi nyingine aende.

Akaamka asubuhi, jua liko kitandani. Alinitazama, akatazama bandeji yangu. Hakuuliza kuhusu nyonga wala kuhusu mashindano.

"Blaise yuko chumba gani?"

"Hayuko chumba chochote," nikamwambia. "Amekufa."

Akashika chuma cha kitanda kwa mkono mzima.

"Niliisubiri moja, dada," akasema. "Nilitaka ajue kwamba namsubiri."

"Na yeye aliingia mapema kwa ajili yako. Aliniambia jikoni."

Nilimwona jinsi lilivyomwingia. Lilianzia machoni likashuka. Akauliza ni nani niliyemtoa kwanza, na nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba Blaise alinitazama usoni akasema yeye mzima, nimgeuze Aloys, na kwamba alipokuwa anasema hivyo ziwa lilikuwa limeshamshika mguu.

Aloys alianza kupiga chuma cha kitanda kwa ule mkono mzima. Alikipiga kwa ngumi, kisha kwa kiwiko, mpira wa dripu ukachomoka, damu ikaruka kwenye shuka, meza ya dawa ikaanguka, na muuguzi akaja mbio na mwenzake. Alikuwa anataka kujivunja kilichobaki. Nikawasukuma wale wauguzi pembeni. Nikamshika mkono huo kwa mikono yangu miwili, ule wa kushonwa na ule mzima, alikuwa na nguvu, akanipiga mdomoni, nikaendelea kushika. Nikapanda kitandani na viatu vyangu, nikamlalia kifuani kwa uzito wangu wote, upande usiovunjika, mpaka akashindwa kunyanyuka. Moyo wake ulikuwa unapiga chini ya sikio langu. Nikakaa hapo hapo, wauguzi wananivuta blauzi, maana huyo ndiye niliyebakiwa naye.